Pambizoni

Kitabu kimerudi leo, siku ya arobaini na moja,
jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia,
kinanuka makala ya jikoni na sambaza wa kukaanga.
Nilimwazimisha mtu mmoja, Ushindi wa Ndosho.
Naona kimesomwa na avenyu nzima.

Ni hadithi ya watoto wanne wenye vipaji:
mmoja husikia maji yakipita chini ya mawe,
mmoja akiiona ramani mara moja, basi, haimtoki,
na mapacha wanaozungumza midomo imefungwa.
Wanashuka tumboni mwa mlima kutafuta kengele iliyoibwa.
Ndiyo hivyo tu. Nilikinunua soko la Virunga
kwa bei ya maandazi matano.

Sasa pambizo zake zimejaa kreyo.
(Shuleni tuliambiwa: kalamu ya risasi.
Hapa Goma semeni kreyo. Risasi ina kazi yake.)

Ukurasa wa tisa, mwandiko unaopanda kama mlima:
“Huyu wa kusikia maji aje kwetu Majengo.
Bomba limenyamaza tangu Pasaka.”

Ukurasa wa kumi na nne, kwa bluu:
“Nani anapika? Siku sita njiani
na hakuna aliyesonga bugali hata ya kopo moja.
Mwandishi ni mwanaume, nimeshajua.”
Chini yake: “Ni mwanamke. Soma jalada.”
Chini zaidi: “Basi ana mtumishi.”

Msukuma chukudu, vidole vyake vyeusi vimebaki pale:
“Hapa ni uongo. Mtelemko ule, mzigo ule,
breki ya mpira haishiki. Angekufa.
Nimeisoma mara tatu.”

Kasoki ametia saini jina lake lote
kama mtu anayepokea mshahara:
“Mimi napenda mapacha. Nilikuwa na pacha.
Hata sisi hatukufungua midomo.”
Hapo hakuna aliyejibu.
Wote wamepita kando,
kama watu wanavyouzunguka mkeka wa mgonjwa.

Mwalimu Bauma, wino mwekundu, hawezi kujizuia,
amesahihisha koma tatu, kisha:
“Watoto hawa wanatoroka shule sura nzima. Si mfano.”
Lakini ukurasa wa mia na kumi, pango linapoanza kufunga,
wino ule ule, mwandiko umelegea:
“Kimbieni. Kimbieni!”

Halafu ukurasa mtupu kati ya sura mbili,
na hapo ndipo walipofanya mkutano.
Nzigire kauliza:
“Kwa nini vipaji vinne tu?
Mimi najua kulala wima kwenye foleni ya maji.”
“Mimi namtambua mtu kwa mlio wa bidoni yake.”
“Mimi najua moshi: huu wa jiko, huu wa mlima,
huu wa kufunga virago.”
“Mama anagawa samaki mmoja mara saba
na kichwa kinabaki.”
“Hicho si kipaji, ni umaskini.”
“Jaribu wewe.”
Na kwenye kona, herufi ndogo kama chawa:
“Mimi sina.”
“Nani alishona jalada?”
“Mimi.”

Nilikuwa nimeandaa faini,
franki mia tano kila ukurasa uliochafuliwa.
Nimehesabu. Ningeezeka chumba kizima.

Nami niliyepigwa fimbo darasa la pili
kwa kuchora mbuzi kwenye kitabu cha hesabu,
ambaye tangu siku ile sijagusa ukurasa kwa kalamu,
nimetafuta nafasi. Imebaki ndogo,
karibu na namba ya ukurasa wa mwisho:

“Kengele imepatikana upesi mno.
Uzi ni mzuri.”